Dawa ya Kahawa

Kuku wa maskini hatagi, walisema wahenga. Akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Wahenga hao hawakupata kulala Matiri hata siku moja, la sivyo wangemtaja na kicheche. Mwewe ana adabu yake. Huja mchana, huchukua mmoja, huenda zake. Kicheche hupenya mahali pasipotosha ngumi ya mtoto, huua wote anaowakuta ndani, hula kichwa cha mmoja na kuwaacha wengine wamelala chini bure.

Agripina alikuwa amepigana na kicheche mmoja mwaka mzima. Alianza vita akiwa na kuku ishirini na watatu, na mwezi huo wa Mei, mwaka wa pili tangu biashara ya kahawa iachiwe huria, alibaki na kumi na wanne. Lakini kwa hao kumi na wanne alikuwa amewashinda wezi wote. Alimsumbua mumewe, Egidi, mpaka akajenga banda la miti juu ya nguzo nne. Kisha akamtuma akate debe kuukuu la mafuta vipande vipande, na kila nguzo ikavishwa bati ili makucha ya kicheche yateleze. Tangu siku hiyo mnyama alikuja, akazunguka, akaacha harufu yake mbaya na kurudi porini na njaa. Wake wa jirani walikuja kuitazama kazi ile, na wawili wakaenda kuwashurutisha waume zao wafanye vilevile.

Kila jioni aliwahesabu kuku wake kwa mkono, si kwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho tangu mwaka juzi, na la kulia lilikuwa linafuata, likimwonyesha dunia kama mtu aonavyo bonde asubuhi ya ukungu. Alisimama mlangoni pa banda, akawapapasa mmoja mmoja wakiingia: mwenye kishingo, mwenye kidole kilichokatika, mtetea mzito, jogoo mwenye hasira. Mkwewe Lidia, mke wa mwanawe Elias, alikuwa na macho mazima na angeweza kuwahesabu mara moja, lakini alinyamaza. Alijua kwamba mama mkwe wake hakuwa na kazi nyingine iliyobaki ambayo hakuhitaji kusaidiwa.

Elias mwenyewe hakuwepo. Alikwenda Tunduru kutafuta madini, akaondoka na fedha yote ya kahawa ya mwaka uliotangulia, na barua yake ya mwisho ilisema kwamba mawe yapo karibu kuonekana.

Aibu yenyewe ilianzia kwenye maharage. Siku hizi sengu, ule mlo wa ukoo ambapo kila nyumba huleta chungu chake na wanaume hukaa pamoja kula na kuzungumza, ilikuwa imebaki ya sikukuu na misiba. Jumapili ya Pentekoste wakakutana kwa Ildefonce, kaka mkubwa wa Egidi. Agripina alimkataza Lidia asichambue maharage yake. Aliyachambua mwenyewe kwa vidole, akayapika, akayatia karanga, akayapeleka akijisifu kidogo moyoni. Ildefonce akatia tonge la pili mdomoni, akaacha kutafuna, akatoa kokoto na kuiweka ukingoni mwa sahani mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Egidi," alisema, "siku hizi kwako mnaunga na mawe?"

Wanaume wakacheka. Egidi naye akacheka, maana hakujua la kufanya na uso wake. Agripina alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wenzake, akasikia kila kitu, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamejifunza kufanya kazi ya macho. Alirudi nyumbani akiwa ameshika chungu kilichobaki nusu. Usiku huo alimwambia mumewe kwamba anaona haya kuliko anavyoona maumivu, na kwamba mtu akishindwa kuchambua maharage kinachobaki ni kulishwa.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, katekista aliposoma tangazo kwamba madaktari wa macho watafika katika hospitali ya misheni kule chini ziwani, baada ya majuma mawili, Jumatatu mpaka Jumatano, Agripina alilishika neno kwa neno. Ilikuwa hospitali ya Waanglikana, lakini katekista alisoma bila kukunja uso. Macho hayana dhehebu. Mtoto wa jicho hutolewa, alisema, na mtu huona siku hiyohiyo. Wagonjwa waje na mchango wao. Kuchangia lilikuwa neno jipya la miaka ile. Kanisani lilikuwa zuri tangu zamani. Kwenye dawa na shule ndiko lilikoanza kuwa zito.

Kahawa ilikuwa bado ya kijani mitini, miezi miwili kabla ya kuchumwa. Egidi akapiga hesabu: lori mpaka Mbinga mjini, lori jingine kuteremka Mbamba Bay, mashua, watu wawili kwenda na kurudi, na mchango wa hospitali. Fedha hiyo haikuwepo. Agripina ndiye aliyetaja njia ya kuipata.

"Kuku wangu wanatosha," alisema. "Wote kumi na wanne, wengine kwa nauli njiani, wengine tuwauze ziwani. Sitaki abaki hata mmoja kama ndiye bei."

*

Mdogo wake Agripina, Flavia, alikuwa ameolewa na mvuvi kule kando ya ziwa, si mbali na hospitali. Barua yake ya majibu ilikuja mkononi mwa utingo wa lori, na Lidia akaisoma kwa sauti uani. Flavia alifurahi hata maandishi yakapinda. Dada aje, kitanda kipo. Kuku wanapendwa kule kuliko dhahabu, watu wamechoka samaki. Ila jambo moja: kuku wa kutoka milimani huja na viroboto vichwani, na wanunuzi wa ziwani huwakataa mbele za watu. Mwaka jana mama mmoja kutoka Mpepai alirudi na tenga lake zima. Waje safi, dada, la sivyo utasafiri bure.

Lidia akamkamata yule mwenye kishingo, akamtazama. Viroboto walikuwa wamejishikiza kuzunguka macho yake, weusi, wamebanana kama ulezi uliomwagika. Jicho moja lilikuwa limekwisha fumba.

"Mama, huyu hata haoni upande huu."

"Basi naye mgonjwa mwenzangu," alisema Agripina. "Tutapanga foleni pamoja." Akacheka, na Lidia akacheka naye, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Pentekoste nyumba ile kusikia kicheko.

Walikubaliana kwamba Egidi aende kwa bwana mifugo. Bwana Nazari alikuwa mtu wa kuja, mwenyeji wa Iringa, aliyeletwa na serikali miaka kumi nyuma. Zamani alipita vijijini kwa pikipiki akichoma sindano bila kuulizwa. Mwaka huo serikali ilikuwa imepunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa, pikipiki ikachukuliwa. Sasa alikuwa amekodi chumba karibu na soko na kuuza dawa za mifugo kwenye rafu mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeumizwa, na mtu aliyeumizwa huwa hachagui wa kumrushia maneno.

Egidi alifika saa tatu, akakaa kwenye kizingiti mpaka saa tano. Ndani kulikuwa na mfanyabiashara wa mjini mwenye kuku wa kisasa mia mbili, akinunua chanjo na kuzungumza habari za vyakula vya madukani. Wengine walioingia baada ya Egidi walihudumiwa wakaondoka. Hatimaye Nazari alimwona.

"Shikamoo mzee," alisema bila kuinuka. "Una kuku wangapi?"

"Kumi na wanne."

Mfanyabiashara akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nazari akauliza kama ni wa kienyeji, na Egidi akasema ndiyo, kana kwamba anakiri kosa. Akaeleza habari ya viroboto, akamwomba bwana mifugo apande naye mlimani kama zamani.

"Zamani ilikuwa ya serikali, mzee. Sasa miguu hii ni yangu, na inalipwa. Utanilipa nini, mayai?" Watu wawili mlangoni wakacheka. Nazari aliona ameanza kuchekesha, akaendelea. "Sikiliza, usinilipe. Chukua mafuta ya taa kidogo, changanya na mafuta ya kula, wapake kichwani kwa unyoya, jicho lenyewe usiliguse. Kesho yake viroboto watadondoka. Na dawa ya kahawa msiwapake, maana nyinyi wazee wa ngoro nawajua. Mkipulizia kahawa mnataka kupulizia kuku, na kesho mtajipulizia wenyewe. Ule unga wa zamani haupo tena. Huu wa sasa unaua."

Wakacheka tena. Yalikuwa maneno ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama yangesemwa kwa sauti ya chini, pembeni, mwanamke mmoja angepata macho yake. Lakini yalisemwa vile, mbele ya wale. Egidi akashukuru, akachukua kofia yake na kutoka. Njia nzima alijibu maneno aliyoshindwa kuyajibu kule. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mwenye miche mia nne ya kahawa, mtu ambaye ngoro zake, yale mashimo ya kulimia yanayopangwa mteremkoni, zilikuwa zikionyeshwa wageni. Alipofika nyumbani mkewe akamuuliza bwana mifugo amesema nini.

"Sikumkuta," alisema Egidi.

*

Ni uongo mdogo, na wanaume wengi wameusema na hakuna aliyekufa. Egidi alidhani atautengeneza kesho yake. Atasema alikutana na mtu njiani, akamwelekeza habari ya mafuta ya taa. Lakini Agripina hakungoja kesho. Kama bwana mifugo hakuwepo, alisema, tusipoteze siku. Sisi tulilelewa na bwana mifugo gani? Mama yake alipaka kuku unga wa dawa ya kahawa, na yeye mwenyewe alipaka, miaka yote ile ambapo ushirika uligawa dawa kwa wakulima. Kila mwanamke wa Matiri alichota kiganja kimoja kabla mume hajaenda kupulizia miche. Viroboto, utitiri, chawa, wote walikwisha, na kuku hata kukohoa hakukohoa. Jumatano ni siku ya gulio. Lidia ataleta.

Egidi alifungua mdomo. Ili kumzuia ilimpasa kusema kwamba alimkuta Nazari, na ili kusema hivyo ilimpasa kusema kwa nini alidanganya, na mkwewe alikuwa ameketi palepale anamenya viazi. Akajiambia kwamba Nazari anasema hivyo kwa kuwa hauzi dawa ya kahawa. Akajiambia na mengine. Akafunga mdomo, akachukua panga na kwenda kupogolea kahawa ambayo haikuhitaji kupogolewa.

Ushirika ulikuwa umeacha kugawa dawa. Sasa kila aliyeweza kupanda lori mpaka Songea alirudi na pipa la kitu fulani. Kwenye gulio, mchuuzi mmoja kijana, Cuthbert, alikuwa ametandika turubai, juu yake nyembe, sabuni, betri, vitenge vitatu, na ndoo ya unga mweupe uliofunikwa kwa gazeti. Aliupima kwa kijiko cha chakula na kuufunga kwenye karatasi ya nailoni. Lidia alimuuliza kama ni dawa ya kahawa. Cuthbert alisema ndiyo, mama, ndiyo hiyohiyo wanayotumia wote, mpya, ina nguvu mara mbili. Alimwongezea nusu kijiko kwa sababu ya heshima ya mzee Egidi.

Asubuhi ya Alhamisi, siku moja kabla ya safari, walileta kuku uani mmoja mmoja. Lidia alishika miguu na mabawa. Agripina akafungua nailoni, akachota.

"Mama, inanuka tofauti," alisema Lidia. "Kama kitunguu saumu kilichooza. Ile ya zamani haikuwa hivi, hata mimi naikumbuka nikiwa mdogo."

"Dawa isiponuka utajuaje kama ni dawa?"

"Tujaribu kwa mmoja kwanza."

Agripina alinyoosha mgongo. Alikuwa ameambiwa na watu wengi mwaka ule apumzike, aache, angoje, ashikwe mkono. "Mwanangu," alisema, "mimi nimepaka kuku kabla mama yako hajaolewa. Mshike vizuri."

Akawapaka. Alifanya kazi nzuri, kazi ya mtu anayejua mwili wa kuku: chini ya bawa, kwenye mkia, shingoni, na mwisho kichwani, akizungusha kidole polepole pale viroboto walipobanana. Alimaliza kwa jogoo, akanawa kwa majivu na maji, akasema kichwa kinamgonga kidogo. Lidia akatapika nyuma ya nyumba, akadhani ni viazi.

*

Ilikuwa kabla ya saa sita. Lidia alikuwa akisuka upya mdomo wa tenga la safari alipomwona mwenye kishingo akitembea kama mlevi, kichwa kikining'inia, ute ukimtoka mdomoni.

"Mama, kuna anayeyumba."

"Yupi?"

"Mwenye kishingo." Kisha akasema, "Na yule mwingine." Kisha hakusema tena, alikimbia kuchota maji.

Waliwaosha kwa sabuni. Waliwapa maji ya kunywa, wakawatia mafuta kooni, wakawatikisa. Agripina alikaa chini katikati ya uwanja, kanga yake imelowa, na Lidia akawa anamletea mapajani kuku mmoja baada ya mwingine, naye akiwapapasa na kumtaja kila mmoja. Walikufa kwa haraka na vibaya, miguu ikipiga hewa. Mtetea mzito alitaga yai bovu lisilo na ganda juu ya kanga, kisha akalegea. Ilipofika saa tisa walikuwa wamekufa kumi na watatu. Jogoo alikwenda peke yake hadi chini ya banda, akajiegemeza kwenye nguzo yenye bati, akafa amesimama kwa muda kabla ya kuanguka.

Egidi alirudi kutoka shambani akawakuta hivyo. Hakuuliza. Lidia akamweleza, akilia, na Egidi akawa anaitikia "mm", "mm", kama mtu anayesomewa barua ambayo aliiandika mwenyewe. Agripina alifikiri mumewe amenyamaza kwa huruma. Akamshukuru moyoni kwa kutomlaumu.

Habari husafiri. Ildefonce alifika akiwa bado amevaa mabuti ya shamba, akatazama mzigo ule wa manyoya, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa vitendo.

"Hamjapoteza kitu," alisema. "Wangali na joto. Wachinjeni sasa hivi, wanyonyoeni, nitawapeleka kilabuni mimi mwenyewe. Jioni hii walevi ni wengi, nyama ya kuku wataipigania. Nauli yenu itapatikana, pengine na mchango. Kesho alfajiri mnapanda lori."

Hapo ndipo Agripina alipojaribiwa kweli, na ni uongo kusema hakujaribiwa. Aliketi na jicho lake moja lenye ukungu, na katika ukungu ule aliona kitanda cha hospitali, daktari akifungua bendeji, uso wa Flavia. Egidi aliingia ndani akatoka na kisu. Alikuwa anataka sana kitu kiokolewe. Akamshika kuku wa kwanza kwa shingo.

"Baba Elias," alisema Agripina. "Nani atamla huyo?"

"Walevi."

"Walevi wana wake. Wana watoto wanaongoja baba arudi na kipande mfukoni. Weka kisu chini."

Egidi akakiweka. Ildefonce akasema shauri lenu, macho si yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekuja kwa miguu na hakutaka kurudi mikono mitupu, akauliza kama angalau anaweza kupata mmoja, yule mtetea mzito; yeye tumbo lake limezoea.

"Shemeji," alisema Agripina, "kokoto uliitema. Hii haitemeki."

Walichimba shimo nyuma ya miche ya mwisho ya kahawa. Egidi alichimba, lakini mizizi ilikuwa mingi, na giza lilikuwa linaingia. Shimo halikufika magotini. Akawatia wote kumi na wanne, akafukia, akakanyaga kwa miguu.

*

Ijumaa alfajiri lori lilipiga honi barabarani, likangoja kidogo, likaondoka. Mlio wake ulisikika ukiteremka mpaka ukapotea upande wa Mbinga. Agripina alikuwa amelala na macho wazi, macho ambayo kufumbua na kufumba kulikuwa kunaanza kufanana.

Egidi alikwenda kwa Cuthbert. Alikwenda na ile nailoni, na hasira iliyokuwa kubwa zaidi kwa sababu nusu yake ilimhusu mwenyewe. Cuthbert alimkaribisha, akampa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho. Alisikitika kweli, alikuwa kijana aliyelelewa vizuri.

"Lakini mzee, mkweo alisema anataka dawa ya kahawa," alisema. "Nami niliuza dawa ya kahawa. Umeipaka kahawa ikafa?"

Egidi aliuliza kwenye pipa kulikuwa kumeandikwa nini. Cuthbert akasema palikuwa na karatasi, lakini ilibanduka kwenye mvua, na hata ilipokuwepo ilikuwa ya kizungu. Akampa kipande cha sabuni kama pole. Egidi akakipokea, na hadi leo hajui kwa nini alikipokea.

Kutoka hapo alipita kwa Ildefonce kuomba akopeshwe. Ildefonce akamkumbusha kwamba jana alitoa njia na ikakataliwa. Asubiri kahawa. Madaktari watarudi mwakani, au mwaka mwingine.

Nyumbani Egidi alisema basi watembee, wateremke kwa miguu. Yeye atamshika mkono. Agripina akamuuliza mchango watatoa nini wakifika. Akamuuliza pia, kwa upole, kama anaikumbuka njia ile yenye mawe, na kama anajua mtu asiyeona huteremkaje.

*

Jumamosi asubuhi Lidia alikwenda kukata majani ya mgomba, akarudi mbio bila majani. Kuna mnyama kule shimoni, alisema. Amefukua. Amekufa.

Wakaenda wote watatu, Agripina akiwa ameshika bega la Lidia. Harufu iliwapokea kabla hawajafika, ile harufu yake mbaya waliyoijua mwaka mzima. Udongo ulikuwa umetawanywa, manyoya yamezagaa mpaka kwenye mashina ya kahawa. Pembeni mwa shimo alilala kicheche, amejikunja, meno nje, unyoya mmoja wa kuku umenasa kwenye mdomo wake.

"Nipelekeni nimguse," alisema Agripina.

Egidi akasema ana sumu. Agripina akasema atanawa. Wakamwinamisha. Mkono wake ukatembea juu ya mgongo wenye milia asiyoiona, ukafika kichwani, ukapima masikio, ukapima taya.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, Mama."

"Mdogo hivi," alisema Agripina. "Nilidhani ni mkubwa."

Akabaki amechutama, mkono juu ya adui yake. Mabati ya nguzo, usiku aliokesha akisikiliza, banda zuri kuliko mabanda yote ya Matiri; na mwishowe aliyemuua si yeye bali dawa ileile iliyowaua wale aliokuwa akiwalinda. Machozi yakamtoka. Macho yake kwa hilo yalikuwa bado mazima.

Ndipo Egidi aliposhindwa kuendelea.

"Mama Elias," alisema. "Nazari nilimkuta."

Alisema yote, amesimama, kofia mkononi. Kizingiti, mfanyabiashara, mayai, vicheko. Kisha yale mengine, dawa na onyo. Alipomaliza, Agripina alimuuliza jambo moja tu, arudie dawa yenyewe, kama alivyoambiwa.

"Mafuta ya taa kidogo. Na mafuta ya kula. Kwa unyoya."

Agripina akageuza uso upande alipodhani yupo mkwewe. "Lidia, mafuta ya taa yalikuwemo nyumbani?"

"Yamo, Mama," alisema Lidia. "Nusu chupa."

"Na ya kula?"

"Nayo yamo."

Upepo ukapita kwenye kahawa. Agripina akainuka taratibu, akapangusa mikono kwenye udongo, kisha kwenye majani. Hakupiga kelele, wala hakumtukana. Egidi alitamani angemtukana. Alimwambia tu achimbe upya, amzike na huyu pamoja na wale, na safari hii achimbe mpaka kiunoni, mbwa wa watu wasije wakafa. Egidi akanyoosha mkono amsaidie kuvuka mfereji. Mkono wa Agripina ulikuwa umekwisha lipata bega la Lidia.

Wakaanza kurudi. Lidia alimsikia akinong'ona na akadhani anasali. Kumbe alikuwa akihesabu hatua. Kutoka shimoni hadi mfereji, ishirini na moja. Kutoka mfereji hadi banda tupu, thelathini. Kutoka banda hadi mlangoni, kumi na tisa. Alipofika kizingitini alisimama, akamwomba Lidia amrudishe waanze tena, azishike vizuri wakati bado anaona mwanga.